Tumbo la Vyumba Vinne

Saa moja asubuhi, matumbo kumi na manne ya ng'ombe yamelala kwenye beseni la saruji machinjioni, na mwanamke wa miaka thelathini na minne anayapasua moja moja, anayageuza na kuyakung'uta. Haangalii mikono. Macho yako ukutani, kwenye jedwali la elementi alilolitia ndani ya mfuko wa nailoni.

"Daktari, ini hili vipi?" mkaguzi wa nyama anamtania.

Analipitishia kidole gumba mara moja. "Lina minyoo."

Mkaguzi analikata. Minyoo hiyo hapo. Kicheko kinamwisha.

Miaka kumi na mmoja ya kuosha matumbo imempa vidole hivyo. Sayansi ya darasani hakuipata. Shule yao haikuwa na mwalimu wa kemia, na maabara ilikuwa stoo ya madawati mabovu, basi akasoma historia na fasihi.

Sasa anautaka mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Masharti ni alama hamsini kila somo, na mtu awe hajafikisha miaka thelathini na mitano. Ameanguka mara mbili. Mtihani umebakiza siku kumi na tisa, na ukipita huu, umri nao umempita.

Anayemfundisha ni binti wa kaka yake, aliyemaliza sekondari mwaka jana. Kila saa tisa alasiri hukaa kitandani kwa shangazi, vitabu katikati, na ugomvi huanza. Juzi ulikuwa hivi:

"Shangazi, nimekuuliza tumbo la binadamu. Umechora vyumba vinne."

"Ndivyo lilivyo."

"La ng'ombe! Mtu hacheui, shangazi."

"Hujamsikiliza baba yako akisimulia habari zake. Anacheua yule."

Hata hivyo, pamoja na ng'ombe wake wote, biolojia anapata sitini na moja. Mlima ni kemia. Kila mstari anauliza kwa nini, mpaka binti anashika kichwa: "Kubali tu, twende mbele."

"Kukubali tu ndiko kulikoniangusha," anasema shangazi. "Nilikariri kama kasuku. Walipogeuza swali, nikabaki bubu."

Wiki iliyopita swali moja la asidi na besi liliwalia saa nzima. Binti akatupa kalamu, akauliza kwa hasira tu: "Hiyo chokaa mnayong'arishia matumbo, mnaitoaje?"

"Kwa siki. Kopo moja la maji ya chokaa, siki vikombe viwili. Ukipunja, vidole vinachanika. Ukizidisha, tumbo linakuwa chachu."

"Na ukipatia?"

"Haliwashi wala halichachi."

Binti alimtazama. "Siki ni asidi, chokaa ni besi. Sasa umekuwa ukinisumbua nini? Swali si ndilo hilo?"

Mtu angedhani shangazi atafurahi. Alinuna siku mbili. "Miaka kumi na mmoja nafanya kemia, na hakuna aliyeniambia," anasema, na bado amekunja uso. "Ningejua, saa hizi ningekuwa daktari mstaafu."

Jaribio la kemia la Jumapili lilimpa arobaini na nne, kutoka thelathini na moja. Bado sita, na hesabu za moli haziingii.

Aliomba ruhusa ya siku zilizobaki. Msimamizi akamwonyesha geti: wanawake wangapi pale wanaingoja nafasi yake? Kaka yake naye hana jipya: "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Akiba aliyonayo ni ya kodi ya miezi miwili.

Saa nne, beseni likiwa tupu, anavua buti na aproni za machinjio. Anazisugua kwa sabuni, nje na ndani, kisha anazipeleka dirishani kwa msimamizi. Wanazungumza kidogo, anarudi peku, jedwali lake kwapani.

"Nimemwambia, nikija kuziomba tena asinipe," anasema. "Hata nikilia."