Ukuta wa Wapasua Heringi

Netta Buchan alikuwa akikata majani ya uwanja wa gofu wa kijiji cha pwani cha Portgarrie tangu usichana wake, na hakuna aliyemuuliza lolote, ila kwa nini majani bado marefu. Kisha dhoruba ikapiga, bahari ikalimeza shimo la sita. Kamati ya klabu ilikuna kichwa weee, mwisho ikamwambia yeye abuni jipya.

Pa kuliweka alipajua. Juu ya ufuko ulisimama ukuta wa mawe, mabaki ya ua ambamo wanawake walipasua samaki aina ya heringi na kuwapanga mapipani, vidole vimefungwa matambara visiungue na chumvi. Mama yake, Jessie Ann, alikuwa mmoja wao. Kwenye uwanja wa North Berwick, Netta aliwahi kuona shimo maarufu ambalo mchezaji lazima arushe mpira juu ya ukuta kuifikia bendera. Akajiuliza, kwani sisi ukuta hatuna? Bendera yake akaiweka nyuma ya ukuta wa kina mama. Mashimo ya mchanga akayachimba pale kondoo wanapojikinga upepo, maana hata viwanja vya kale vilianza hivyo hivyo.

Dougal Wishart, nahodha wa klabu, alipoliona shimo hilo jipya alinuna.

"Netta, dada yangu, huu ni uwanja au zizi?"

"Zizi, nahodha. Ndiyo maana nimekukaribisha."

"Cheka tu. Jumamosi nafungua mimi. Ukuta huu ukinikera, Jumatatu tingatinga linauangusha."

Netta alijua hatanii. Ukuta ukianguka, hapatabaki hata jiwe la kusema kwamba wanawake wale waliwahi kuwapo.

Jumamosi kijiji kizima kilijaa. Jessie Ann aliletwa kwa kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Dougal akapiga mpira wa kwanza. Ngo! Ukagonga ukuta, ukarudi nyuma. Wa pili nao vilevile. Wa tatu uliruka ukuta, ukapitiliza, ukazama mchangani.

"Kubali yaishe, nahodha!" mtu akapaza sauti. "Asiyekubali kushindwa si mshindani!"

Watu walicheka hadi machozi. Netta hakucheka, alikuwa akiwaza tingatinga la Jumatatu. Dougal, uso umemwiva, alichukua fimbo yake akaanza kurudi alikotoka.

"Unakwenda wapi? Supu inapoa!" mkewe akamwita.

"Ipoe! Narudia. Na yeyote atakayeondoa jiwe moja hapa kabla sijaushinda ukuta huu, atanitambua!"

Netta aliona ukuta umepona, kifua kikamjaa fahari. Mwacheni Netta ajivune, mcheza kwao hutunzwa.

Jessie Ann alimvuta mkono. "Babu yake huyu alikuwa anatupitisha njia ya nyuma, eti tusiwanukie wageni wake samaki," alisema, wala hakupunguza sauti. "Hebu sogeza kiti mwanangu, nimwone vizuri akigonga tena."