Ushahidi wa Kurudi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, naye aliitika bila kinyongo. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, atakupima vizuri, atakusifu mabega, ataandika vipimo vyako kwenye daftari, kisha atakuambia uje Ijumaa. Ijumaa ukienda atakupokea kama mgeni aliyetoka mbali. Atakupa kiti, atakuuliza habari za nyumbani mpaka za jirani yako, na mwishoni kabisa, ukiwa umeshasahau kilichokuleta, atakuambia, "Imebaki vifungo tu. Njoo kesho." Utaondoka unacheka. Ukifika nyumbani ndipo utakasirika.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na nyingine ya kuwekea chupa ya chai. Juu ya meza ya kukatia lilipita bomba la chuma, toka ukuta hadi ukuta, limepinda katikati kwa uzito wa nguo za watu. Palikuwa na suruali zisizo na pindo, magauni yasiyo na mikono, makoti yaliyotiwa bitana upande mmoja tu. Si kwamba fundi hakujua kazi. Nguo yake ikiisha, hata mgomvi wake atakiri kwamba imekaa. Shida ilikuwa hapo kwenye kuisha.

Sasa mtu huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekuwa mwaka wa tisa katika mji mmoja wa Ulaya. Na binti naye alipigwa kalenda kama wateja wengine. Alipomaliza chuo alimwalika baba yake, baba akasema pasipoti imekwisha muda. Alipopata kazi akamwalika tena, baba akasema ni msimu wa sare za shule, kazi zimemkalia kooni. Mara ya tatu akamjibu, "Mwakani, mwanangu." Ukweli hakumwambia mtu. Aliliogopa dirisha la ubalozi. Alishawaona watu wazima, wamevaa suti alizowashonea mwenyewe, wakirudi kutoka kule na barua ya kukataliwa, wamenyong'onyea. Yeye aliyezoea kuwaambia watu waje kesho hakuwa tayari kuambiwa asiende kabisa.

Safari hii binti alikuwa anaolewa. Alituma barua ya mwaliko yenye mhuri wa manispaa ya huko, halafu akapiga simu.

"Baba, harusi ni tarehe ishirini na mbili mwezi wa sita. Haisogei. Na usipokuja safari hii, sitakualika tena."

"Mbona unaongea kwa hasira, mama?"

"Sina hasira, Baba. Nimechoka tu kukungoja."

Simu ilipokatika fundi alibaki ameishika. Angemtukana ingekuwa nafuu, maana matusi ya wateja alishayazoea na dawa yake ni chai. Sauti ile ya kuchoka hakuwa na dawa yake. Akaingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya dirisha, akainuka kwenda kwa Karani.

Karani alikuwa jirani wa ukuta wa mbao. Alistaafu ofisi ya serikali, akafungua chumba chenye kompyuta moja na mashine ya kuchapa, akawa anawajazia watu fomu. Ni mtu aliyekunja hata leso yake kwa kufuata utaratibu. Alivaa miwani, akaanza.

"Pasipoti iwe mpya, isiishe kabla ya miezi mitatu tangu siku ya kutoka kule. Picha, uso mkavu. Usicheke."

"Hata kidogo?"

"Fundi, hupeleki posa. Bima ya safari. Mpango wa tiketi, kwenda na kurudi. Mahali pa kulala, hapo mwanao ameshaandika. Karatasi za benki. Halafu lile linalowaangusha wengi, ushahidi wa kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Hapa! Wanataka kujua ni kitu gani kitakurudisha. Una nyumba?"

"Ya kupanga."

"Shamba?"

"Sina hata kopo la maua."

"Mke?"

Karani aliuliza kwa mazoea, kisha akaona haya. Mke wa fundi alifariki miaka sita nyuma, na Karani mwenyewe ndiye aliyechapa tangazo la msiba. Alijifanya anatafuta kalamu. Macho yake yakapita mlangoni, yakaingia chumba cha pili, yakatua kwenye lile bomba lililopinda.

"Zile nguo ni za watu wangapi?"

"Arobaini na mmoja," fundi alijibu kwa sauti ya chini. "Usinitangaze."

Karani alivua miwani. Watu waliomfahamu wanasema hajatabasamu vile tangu alipwe kiinua mgongo. "Basi hakuna mtu katika mji huu mwenye sababu za kurudi kama wewe. Kila mmoja akuandikie barua kwamba una nguo yake, haijaisha, na anakusubiri. Na kuanzia leo, nakuomba sana, usimalize kitu."

Ni ombi ambalo fundi hakuwahi kuombwa maishani, na alilitii bila taabu. Kwa wiki mbili alizunguka nyumba za wateja. Walipomwona mlangoni walidhani ameleta nguo, na wengine walishukuru kabla hajafungua mdomo. Alipoeleza shida yake wengi walicheka wakasaini. Mwenye suruali ya kijivu aliongeza kwa mkono wake kwamba fundi asiporudi atamfuata hukohuko Ulaya. Mwenye gauni la ubatizo aliandika kwamba mtoto sasa anasoma darasa la kwanza.

Aliyekataa alikuwa Mwalimu, mwalimu mkuu mstaafu. Suti yake ilipaswa kuvaliwa siku ya kumuaga kazini, na kazini alishaagwa miaka miwili iliyopita, amevaa gauni la kuazima kwa wifi yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Suti yangu iko wapi?"

Fundi akaeleza yote, mpaka tarehe ya harusi. Mwalimu alimsikiliza kama mtu anayesikiliza sababu za mtoto aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni.

"Unataka niiambie serikali ya watu kwamba wewe ni mtu wa kutimiza ahadi?"

"Siyo hivyo, Mwalimu. Nikumalizie kwanza? Kesho kutwa nakuletea."

"Usimalize!" Karani alipiga kelele kutoka barazani. Alikuwa amemfuata makusudi, akijua udhaifu utamjia mbele ya Mwalimu.

Mwalimu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaingia ndani. Alitoka na bahasha aliyoifunga kwa gundi. "Nimeandika ninachokijua," alisema. "Sikuongeza chumvi. Usiifungue."

Siku ya miadi ubalozini fundi alinyoa ndevu mara mbili. Kwenye chumba cha kusubiri kila mtu alikumbatia bahasha yake, na hakuna aliyemsalimu mwenzake, jambo lililomtesa fundi kuliko foleni yenyewe. Walipochukua alama za vidole, kidole chake cha shahada kilichochomwa na sindano kwa miaka thelathini kiligoma kusomeka, akabonyeza mara tatu. Hatimaye akaitwa kwenye dirisha. Nyuma ya kioo alikaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akipekua karatasi bila haraka.

Zile barua arobaini alizisoma kimya. Kwa ile ya suruali ya kijivu mdomo ulimcheza kidogo. Kisha akafungua bahasha ya Mwalimu na, sijui kwa nini, akaisoma kwa sauti.

"Fundi huyu ana suti yangu mwaka wa pili. Nimekwenda kuidai mara kumi na tisa. Hajaimaliza. Lakini katika mara hizo kumi na tisa hakuna hata siku moja niliyokuta mlango wake umefungwa. Suti sijui itaisha lini. Yeye mwenyewe mtamkuta."

Mama aliiweka barua mezani. "Kwa nini humalizi nguo za watu?"

Fundi alikuwa na majibu ya kumtosha mwaka mzima. Kulikuwa na jibu la umeme, la uzi wa rangi ile kuadimika, na la mashine kupelekwa kwa fundi mwingine. Yote aliyatafuta hapo mbele ya kioo, akakosa hata moja.

"Nikizimaliza, wanazichukua."

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Ndiyo, mama. Lakini wakishazichukua hawaji tena mpaka sherehe nyingine. Mke wangu amefariki, mtoto yuko mbali. Mtu akija kudai, anakaa, ananigombeza, tunakunywa chai. Siku inakwenda." Alihisi masikio yanamchoma kwa aibu. Jambo hilo hakuwahi kulisema, hata kwa Karani.

"Na binti yako akikuomba ubaki kule?"

"Hajaniomba nikae, mama. Ameniomba niende tu. Mara ya nne sasa, na hata hilo sijaliweza."

Mama aliandika kitu kirefu, akapiga mhuri, akamwambia atajulishwa.

Siku za kungoja zilikuwa ngumu kwake, na nusu ya mtaa ilisema anastahili. Kwa kukosa la kufanya, akaanza kushona. Alipiga pindo suruali ya kijivu. Akatia mikono gauni la kijani. Karani aliposikia cherehani inalia mfululizo alikuja mbio akidhani ni mwizi. "Unaharibu ushahidi!" alifoka. Fundi hakusimama. Suti ya Mwalimu iliisha Jumatano, akampelekea mwenyewe. Alhamisi asubuhi Mwalimu alikuja dukani, hana kitambaa wala dai lolote. Akavuta kiti, akauliza kama chai ipo. Fundi alimimina vikombe viwili.

Wakati huohuo mizigo ikawa inaingia, kana kwamba viza imeshatoka. Dada yake mkubwa alileta kopo la samli na furushi la nyama iliyokaushwa kwa ajili ya bibi harusi. Karani alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nyama haipiti forodha ya kule, dada. Wala samli. Chochote cha nyama na maziwa wanatupa."

"Nyama yangu ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Haina ruhusa."

"Na wao hawali nyama huko?"

"Wanakula ya kwao."

Dada mtu alikaa juu ya furushi lake na kusema kwamba watu wanaoogopa nyama ya shangazi, haijulikani watamtunzaje mtoto wa kaka yake. Ilibidi aridhike na khanga mbili na barua ndefu. Dawa ya presha ya fundi iliruhusiwa, ikiwa na cheti cha daktari. Karani aliandika kila kitu kwenye karatasi na kukipa namba.

Bahasha ilifika Jumatatu. Fundi aliipeleka kwa Karani bila kuifungua. Karani alikata ukingo kwa mkasi, akafungua pasipoti ukurasa mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa ukatili wa watu wa utaratibu, mpaka akafika penye karatasi ya rangi iliyobandikwa. Viza ya siku kumi na tano. Akamshika fundi bega, akaenda kupanga kalamu zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Fundi akapiga simu.

"Mwanangu, nakuja."

"Umepewa, Baba, au utapewa?"

"Nimepewa. Iko mkononi."

"Nisomee."

"Nikusomee nini, mama? Ni viza."

"Nisomee ilivyoandikwa."

Fundi aliumia. Kwa miezi miwili alikuwa amewakusanyia wageni ushahidi kwamba atarudi, na sasa mtoto wake mwenyewe alitaka ushahidi kwamba atakwenda. Alitaka kujitetea, akakumbuka chuo, akakumbuka kazi, akakumbuka mwakani. Akavaa miwani ya Karani. Akasoma jina lake lote. Akasoma namba, tarakimu moja moja. Akasoma tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka.

"Soma tena ya kuingia."

Akaisoma tena. Ilikuwa siku tano kabla ya harusi.

Akasikia binti anavuta pumzi, kisha analia, kilio cha mtu aliyejizuia muda mrefu, na fundi akawa anasema, "Nyamaza, mama, nyamaza," ilhali mwenyewe machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Ngoja, Baba, usikate," alisema binti. "Nilishamwomba baba mkwe anishike mkono kwa niaba yako siku hiyo. Ngoja nikamwambie nina baba anakuja."