Babu Alipovua Kofia Mlangoni

Mimi hujivunia elimu niliyojipa mwenyewe vitabuni, lakini majuzi ilinitia aibu ambayo bado inaninyima usingizi.

Niliwatoa babu na nyanya kwao Nkubu, nikawapeleka upande wa Embu kuona jumba la mawe la mtawala wa kikoloni, ambalo sasa hutembelewa na watalii. Nilitaka babu afurahi kabla macho yake hayajaingia giza kabisa. Njiani nilieleza historia hadi nyanya, ambaye huniita mume kwa utani, akaniambia, "Mume wangu, pumzika umeze mate."

Mlangoni palikuwa na wageni wengi. Nikakumbuka adabu niliyosoma.

"Babu, vua kofia tuingie."

Akaivua upesi, akaibana kifuani, akasimama kando ya ukuta ameinamisha kichwa. Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikacheka kwa sauti, nikamvuta mkono. Hakusogea.

"Twende, babu!"

"Sijaitwa," akanong'ona.

Nyanya akaichukua kofia, akamvisha taratibu.

"Hapa wakoloni walikuwa wanampiga akichelewa kuivua," akaniambia, wageni wote wakisikia. "Tangu Uhuru hakuna mtu aliyemwamuru tena aivue. Ukawa wewe."