Sala ya Mama Kwenye Jamvi la Karafuu

Nilitoka kijijini Ole, Pemba, na suruali mbili, nikarudi na diploma ya umeme. Nalisema hili mapema kwa sababu nalionea fahari. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mfadhili aliyenilipia ada. Dar es Salaam mchana nilibeba saruji, jioni nikaingia darasani na vumbi lake kichwani. Nyumba ya tofali niliyomjengea mama, yenye taa za jua na tangi la maji, kila waya uliomo ndani niliuvuta mimi. Wageni walipoisifu, sikuwakatiza.

Wazazi wangu walikuja Pemba kutoka bara kuchuma karafuu, wakabaki. Tulikuwa Wakristo wachache katikati ya Waislamu, na kanisa lilikuwa mbali, mjini. Mama alikwenda kila Jumapili, hata baada ya baba kufariki. Mimi niliacha nilipoanza kujitegemea. Alipokuwa akiniambia kwenye simu, "Nimekuombea, mwanangu," nilimjibu, "Mama, haya yote ni jasho langu." Akacheka tu.

Mwaka jana kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakapotea. Daktari alisema wamefanya walichoweza, nimrudishe nyumbani, nimlishe taratibu.

Nikafanya ninachokijua. Nilifunga kengele ya umeme kitandani aibonyeze akinihitaji. Hakuibonyeza hata mara moja. Niliagiza kiti cha magurudumu, kikazama kwenye mchanga wa uani. Nilinunua kimpira cha kuzoeza vidole vya ule mkono wa kushoto uliobaki, akakiachia kikabingirika uvunguni. Uji niliomlisha ulirudi pembeni mwa mdomo. Taa zote ziliwaka, na mimi nilikaa chini yake sina la kufanya.

Kilichonimaliza kabisa ni asubuhi zake. Alinikamata shati kwa mkono wa kushoto, akachezesha midomo bila sauti, kisha akanitazama akisubiri. Nilimletea maji. Nilimgeuza mto. Nilimfungulia dirisha. Akaendelea kusubiri, halafu akalia. Mama yangu alitaka kitu kimoja kwangu, na sikukijua.

Siku moja jirani yetu, bibi Mwislamu aliyechambua karafuu na mama miaka yote, aliingia na ungo wa karafuu mbichi.

"Hodi! Mgonjwa kaamkaje?"

"Vilevile. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na weye fundi, mbona umekonda kama waya zako?"

Akauweka ungo kitandani. Nikamzuia. "Bibi, atazitia mdomoni zimpalie. Daktari amesema..."

"Huyo daktari kachambua naye karafuu? Miye nimechambua naye tangu weye huna suruali. Sogea huko!"

Akamwekea mama kishada kiganjani. Mkono ule uliokikataa kimpira changu ukakizungusha, kidole gumba kikasukuma, karafuu zikaanguka huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule. Polepole sana, lakini sawasawa. Na midomo ikaanza kucheza.

"Yuwaomba," bibi akasema. "Ndiyo desturi yake. Tukikaa jamvini, miye na tasbihi yangu, yeye na Bwana wake Yesu. Akimaliza, miye humwitikia amini. Nami naitikia kwa Mola wangu, mtu akiombea mwanawe nimnyamazie?"

Midomo ya mama ikatulia. Akamtazama bibi akisubiri, kwa macho yaleyale ya kila asubuhi.

"Amini," bibi akasema.

Mama akafumba macho. Hakulia.

Wiki zote zile alikuwa akiomba mbele yangu na kungoja neno moja, nami namgeuza mto.

"Anaomba nini, bibi?"

"Hujui? Weye mwanawe?"

"Sijui."

Akaokota kishada, akaanza kuchambua huku akisema, kwa sauti niliyoitambua kuwa si yake, ni ya mama: "Bwana Yesu, mikono yangu unaiona. Mwanangu yuko mbali na mimi, hayuko mbali na wewe. Akibeba mzigo, beba naye. Akisema kaubeba peke yake, usimkasirikie."

Nikatoka uani, nikakaa kwenye kile kiti cha magurudumu. Nilikumbuka mifuko ya saruji, na siku moja ngazini nilipoteleza nikasimama tena bila kujua nimeshikwa na nini. Siku zote nilihesabu kuwa ni nguvu yangu. Sasa sina uhakika wa kitu, ila nilikwenda Jumapili ile kanisani nikakaa benchi la nyuma.

Mama hajapona. Uji bado unarudi. Kila asubuhi tunachambua pamoja kishada kimoja kimoja, naye akimaliza kuomba, mimi nasema amina. Hilo tu ndilo ninaloweza kumfanyia, na diploma yangu haikulifundisha.

Jana mkono wake uliweza vishada viwili, ukalala. Midomo haikucheza. Nikamsubiri kidogo, kisha nikavichambua vilivyobaki na kuisema ile sala mimi, mwanzo hadi mwisho, nikibadili neno moja tu: badala ya mwanangu, mama yangu. Nilipomaliza nikamtazama, nikasubiri.

Mdomo ukatikisika kidogo, upande ule ulio hai. Nikaichukua kuwa ni amina.