Jiwe lenye Isale

Baba alikuwa na ugonjwa mmoja: pangaboi. Duka letu la vitenge Kariakoo lilikuwa dogo, joto lake usiseme, na yeye hakukubali pangaboi lizunguke polepole. "Weka mwisho!" Basi risiti zinaruka, zinatua miguuni kwa wateja, nyingine zinatoka mpaka barabarani, na mimi nakimbizana nazo huku wabeba mizigo wananicheka. Ndiyo maana mama akaanza kutengeneza mawe.

Tuliyaita mawe, lakini hayakuwa mawe. Yalikuwa madonge mazito yanayong'aa kama kioo, yenye maua makavu ndani, ya kukandamizia karatasi. Dawa yake mama aliinunua Magogoni kwa fundi wa faiba, yule anayeziba boti zilizotoboka. Ni uji mzito, unanuka mpaka kichwa kinauma, na ukichanganywa na dawa ya pili unaganda. Mama aliumimina kwenye vikombe vya chai. Maua aliyaokota kanisani Jumapili baada ya ibada, kabla hayajatupwa, akayabana katikati ya kalenda za zamani mpaka yakauke. Ya mwanzo aliyaharibu. Hakuwa na subira, akayatia yangali mabichi, yakaja kuwa meusi humo ndani kama majani ya chai. Baba alilichukua hilo hilo jeusi akaliweka mezani. "Hili langu. Hakuna mwizi atakayelitaka." Mama akanuna, halafu akacheka mwenyewe.

Haukupita muda mtaa mzima ukawa na mawe ya mama. Jirani yetu muuza vifungo alikuwa nalo. Mama wa Kilwa aliyeuza mikeka alikuwa nalo, la maua ya asumini, na alimkataza kila mtu kulishika. Duka moja tu halikuwa nalo, lile la kwenye kona. Lilikuwa la baba mdogo.

Baba mdogo alikuja mjini kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, baba akamfundisha kazi pale dukani. Siku moja akahama, akafungua duka lake mtaa ule ule, vitenge vile vile, na wateja wetu wakubwa akawapigia simu mmoja mmoja. Hakuaga. Baba hakugombana naye. Alinyamaza, na kunyamaza kwa baba, heri angepiga kelele. Mimi nilikuwa mtoto na nilichojua ni kimoja: yule mtu aliyekuwa akinimenyea machungwa bila ganda kukatika haji tena. Nililia kwa ajili ya machungwa. Baadaye nikajua nilikuwa namlilia yeye.

Sasa, kwetu Uchagani, aliyekosa akitaka kusamehewa hupeleka isale, lile jani refu linalopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Analifunga fundo, anamtuma mtu mzima alipeleke. Na anayeletewa isale hatakiwi kukataa. Baba mdogo alituma isale. Mzee mmoja wa ukoo alikuja nalo dukani, fundo limekazwa, na kishada cha maua yake meupe kimefungwa pamoja nalo. Baba akalipokea kwa mikono miwili. Hapo alitakiwa atoe neno la kusamehe, mzee aondoke na neno hilo. Hakutoa. Mzee akasubiri, akamaliza soda yake, akaaga. Baba akamgeukia mama.

"Likaushe. Litie kwenye jiwe."

Safari hii mama alikuwa na subira. Jiwe lilitoka safi, fundo na maua yake vikaonekana vizuri. Baba akaliweka mbele ya meza, limetazama barabarani.

"Sasa mpelekee neno mdogo wako," mama akamwambia.

"Neno si hilo hapo? Akipita ataliona. Kariakoo hii atapita wapi?"

Jamani, wanaume! Baba mdogo hakupita. Mzee alimwambia, "Amelipokea, lakini hakusema kitu," naye akaelewa kwamba amekataliwa. Kwa aibu akawa anazungukia mtaa wa nyuma, kwa wauza ndoo, asubuhi na jioni, ili asikutane na macho ya kaka yake. Huyu anasubiri mwenzake apite, yule anasubiri aitwe. Miaka ikaenda hivyo. Mimi nikamaliza shule, nikapata kazi Posta, na huko huko nikapata mchumba.

Washenga walipotoa taarifa kwamba wanakuja, nyumba ikaingia baridi. Kwetu baba mzazi hajisemei kwenye mahari. Yeye anakaa, ndugu zake ndio wanaongea. Na baba alikuwa na ndugu mmoja tu.

"Nitamwomba muuza vifungo asimame," akasema, tena tuko dukani, anakunja kitenge wala hanitazami.

Nikawaka. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. "Muuza vifungo ndiye atakayenisemea mimi? Baba mdogo yuko hapo kwenye kona, mzima wa afya! Bila yeye, washenga wasije."

"Yeye ndiye hakuja. Mimi nilimsamehe siku ile ile."

"Ulimwambia nani?"

Baba akanyoosha kidevu kuelekea kwenye jiwe.

Nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu. Nikalinyakua lile jiwe, risiti zikaruka zote, na kwa mara ya kwanza maishani sikuzikimbiza.

Baba mdogo alikuwa anapima kitambaa. Mvi zilikuwa zimemjaa, na mimi sikuwa na habari.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," akajibu, kisha akanitambua, mita ikamponyoka mkononi.

Nikaliweka jiwe mbele yake. Akalitazama, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya fundo.

"Fundo hili nililifunga mimi," akasema. "Mimi nilijua alilitupa."

"Liko mezani kwake tangu siku ile. Linakusubiri upite."

Alilia palepale, mteja kasimama na kitambaa chake. Halafu akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Kariakoo hulifanyi mpaka ufiwe, na tukatembea kwa njia ya mbele, mimi na yeye na jiwe letu. Baba alikuwa ameinama anaokota risiti. Akanyanyua kichwa, akamwona, asijue mikono aiweke wapi.

"Umechelewa," akasema.

"Foleni, kaka," baba mdogo akajibu.

Wakacheka mpaka wakashikana, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Mungu wangu, nashukuru nilikuwepo. Nashukuru kwa siku ile kuliko hata siku ya harusi yangu, ambayo mahari yake baba mdogo aliisemea vizuri mno.

 Mama aliinama chini ya meza, nyuma ya majora, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga kilichopauka. Ndani kulikuwa na jiwe, na ndani ya jiwe nusu ya pili ya yale maua meupe.

"Shika, shemeji," akamwambia. "Niliyamimina yote mawili siku ile ile. Hili lako."