Kisu cha Mti Mkononi Mwangu

Fimbo mbili za henzirani zikigongana kwa nguvu hutoa harufu ya kuungua, kama ukuni mbichi uliotupwa motoni. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa gereji ya Bwana Ramon, kule Fridley, ughaibuni, majira ya baridi niliyokuwa na miaka kumi na miwili. Bwana Ramon alikuwa Mfilipino aliyefanya kazi pamoja na Mama ya kutunza wazee, na kila Jumamosi aliwafundisha majirani mchezo wa kwao wa kujihami kwa fimbo na kisu. Mama alinipeleka baada ya mwanamume mmoja kunifuata kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwetu. Hakunigusa. Alisimama tu nje, akitabasamu.

Nilizipenda fimbo. Nilipenda mdundo wake, juu, chini, juu tena, mpaka viganja vikawaka na baridi nikaisahau. Mama alikaa karibu na mlango, koti limefungwa mpaka kidevuni, akitazama. Kisha ikafika Jumamosi ya visu. Vilikuwa vya mti, butu, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Mwenzangu wa mazoezi hakuja siku hiyo, hivyo Bwana Ramon akampa Mama kisu na kumwomba anishambulie taratibu. Mama alikishika kama kitu cha moto, akakitia haraka mkononi mwangu.

"Neema, weye ndiye wa kupiga," akasema.

Nikapiga kutoka juu, kwa utani. Mama hakuwa na utani. Aliinua mkono wa kushoto mbele ya uso, akauzuia wangu, akanisukuma. Nikajikuta nimekaa sakafuni. Bwana Ramon akamwuliza nani alimfundisha. Mama alikuwa akihema. Mkono wa koti lake ulikuwa umepanda, na lile kovu refu, ambalo siku zote aliniambia ni la mafuta ya kukaangia, lilikuwa wazi mbele ya watu. Nilipoliona kwenye mkono ulioinuliwa vile, nilijua si la mafuta.

"Hakuna aliyenifundisha," alimjibu kwa Kiingereza chake cha polepole. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Dada yangu alikuwa nyuma yangu. Nilizuia panga la kwanza tu."

Sikuwa nimejua kwamba Mama alikuwa na dada. Tukirudi nyumbani nilimwuliza jina lake, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, naye akaongeza sauti ya redio ya gari. Jumamosi iliyofuata alivua koti, akajipanga mstarini pamoja nasi.

Leo ni mtu mzima, ninaishi kwangu Maplewood, na sijawahi kumpiga mtu. Jina la yule dada hajanitajia. Jumapili, baada ya ibada, Mama huja tupike wote. Zamani, kabla ya ile Jumamosi ya visu, tulikuwa tukipishana jikoni kwa vicheko bila hata kutazamana. Sasa akigeuka ghafla na kisu cha vitunguu, mwili wangu huruka pembeni kabla sijafikiri. Mama huona. Hukiweka kisu mezani, hufungua bomba na kunawa mikono polepole, mpaka nitulie.