Kilo Kumi kwa Kila Mkono

Siku ile tulikuwa wanne, wote wa tumbo moja. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mwenye duka mjini Bukoba. Alikuwepo dada yetu aliyeolewa Rugu, na mtoto wake mgongoni. Na alikuwepo kitinda mimba wetu, binti niliyekuwa nikiishi naye hapa Igurwa akisubiri kwenda chuo cha ualimu. Baba na mama hawapo siku nyingi. Walituachia kibanja hiki cha migomba na kahawa, nami nikaacha shule darasa la sita ili wengine wasome. Nilijiwekea neno moja tu: hakuna mwingine atakayeacha masomo kwa sababu ya shamba.

Walikuja kunitazama bega. Nilikuwa nimebeba mkungu kwenye mvua, nikateleza, bega likateguka. Hospitalini walilirudisha, na nilipofunguliwa kitambaa cha kuning’inizia mkono, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mpole, akaniagiza nitafute vyuma vidogo vya kuinua nyumbani.

“Anza na kilo moja,” alisema. “Ukiweza kuinua bila kukunja uso, ongeza kidogo. Ukikunja uso, shusha.”

Kitinda mimba alikuwa amekaa kando yangu, anasikiliza. Tulipiga hesabu kwamba bega lingepona kabla kahawa haijaiva, naye angeondoka bila wasiwasi. Nilipompigia simu mdogo wangu, akasema nisihangaike, vyuma atanunua yeye mjini.

Siku ile walipokuja alivileta kwenye mfuko wa salfeti, akautua barazani kwa kishindo, chai ikamwagika. Vilikuwa viwili, vyeusi, vimevikwa mpira, kilo kumi kila kimoja.

“Kaka, shika hivyo!”

“Mtaalamu alisema kilo moja,” kitinda mimba akasema. “Nilikuwepo.”

“Kilo moja ni sukari,” dada wa Rugu akadakia. “Kaka yetu ainue sukari?”

“Vya kilo moja niliviona,” mdogo wangu akasema. “Vina rangi ya waridi. Muuzaji akaniuliza kama namnunulia mke wangu. Nikamwambia ninayempelekea ndiye aliyenilea, nipe vya mwanaume.”

Tukacheka. Hata mimi nilicheka.

“Cheka tu,” kitinda mimba akamwambia. “Bega si lako.”

“Na wewe mwalimu, kapate kwanza wanafunzi, ndipo uje kufundisha wakubwa zako.”

Kwetu mtu haendi kumsalimia aliyemlea akiwa na kitu cha kushika kwa vidole viwili. Anakwenda na kitu ambacho majirani watakiona kimemwinamisha njiani. Mdogo wangu alichagua vyuma kwa kipimo hicho, nami nilivipokea kwa kipimo hicho hicho. Nilijisikia vizuri. Sitaficha hilo.

Walipoondoka, kitinda mimba akaanza kuosha vikombe.

“Kaka, tuvirudishe. Au tujaze maji kwenye chupa ya lita moja, ni kilo hiyo hiyo.”

“Nikivirudisha nitamwambia nini?”

“Mwambie ni vizito.”

“Atajisikia vibaya.”

Asubuhi kadhaa niliinua chupa za maji nyuma ya jiko, na bega lilianza kutii. Kisha mdogo wangu akapiga simu kuuliza kama vyuma navitumia. Nikajibu ndiyo. Kesho yake nikaviinua, nisije nikawa nimemdanganya. Cha mkono mzima kilipanda. Cha mkono mgonjwa kilifika usawa wa kifua, nikahisi kitu ndani ya bega kinachanika kama gunia.

“Nani alikuchagulia uzito huu?” mtaalamu akauliza niliporudi hospitalini, safari hii bila upole.

“Mimi mwenyewe.”

Akanikataza kubeba chochote kwa miezi mingine. Kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, na vibarua hawakupatikana kwa sababu kila mtu alikuwa kwenye kibanja chake. Nguo za kitinda mimba zilikuwa tayari begini.

“Nani atachuma?” akaniuliza.

“Wewe nenda chuo. Nitawaita wale wawili.”

“Waite basi.”

Nilishika simu. Kuwaita kulikuwa ni kumwambia mdogo wangu kilichochana bega langu. Nilimkumbuka alivyoutua ule mfuko, alivyofuta jasho akitabasamu. Nikairudisha simu mfukoni. Kitinda mimba aliniangalia, akachukua kikapu akaenda shambani.

Nafasi yake chuoni alipewa mwingine. Mwaka uliofuata aliomba tena, hakuitwa. Anaendelea kuomba.

Bega langu sasa linabeba mkungu. Krismasi iliyopita walikuja wote, na mdogo wangu akanipiga kofi la utani begani.

“Si unaona? Vile vyuma ni dawa!” Kisha sauti yake ikashuka. “Kaka, ulivyotulea, deni lako hatuliwezi.”

Kitinda mimba alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Hakuinua kichwa. Nilitaka kusema pale pale mbele yao kwamba mdaiwa ni mimi, na anayenidai ndiye yule mwenye kisu. Nikasema tu, “Asanteni, wadogo zangu.”

Yeye hajawahi kunidai. Kahawa ya msimu huu imeiva, na ndiye anayeichuma.